Alama Isiyosomwa Hewani

Katika miaka yake yote ya utangazaji, Mama Alama alishika kanuni moja. Kitu kilichookotwa kikiletwa redioni, alikitangaza chote isipokuwa alama moja. Akiletewa mkoba, alitaja rangi, ukubwa na mahali ulipookotwa, lakini hakutaja kwamba zipu yake imeshikizwa kwa pini. Akiletewa funguo, alizitaja zote na kunyamaza kuhusu uzi mwekundu uliofungwa kwenye mmojawapo. Alama ile aliiweka kichwani. Haikuandikwa popote, na hata fundi mitambo aliyefanya naye kazi kila siku hakuambiwa. Aliyekuja kudai alikaribishwa kiti, akaulizwa neno moja tu: "Alama?" Akiijua, alipewa chake na kwaheri. Asipoijua, alirudi alikotoka.

Kanuni hiyo hakufundishwa na mtu, aliipata kwa aibu. Alipokuwa mgeni wa kazi alisoma hewani kila kitu kuhusu begi la vyeti vya shule lililookotwa sokoni, mpaka kiraka cha pembeni. Kabla wimbo uliofuata haujaisha, kijana mmoja mtanashati alikuwa mlangoni akimrudishia maneno yake mwenyewe kama kasuku, akapewa begi, akashukuru, akaenda zake. Baadaye akaja mwenye vyeti. Hakugomba wala hakulia. Alikaa kwenye ngazi za redio, kofia mkononi, akawa anawapisha wapita njia kwa adabu kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Mama Alama alikuwa akisema kwamba mtu yule angemtukana, yeye angesahau mapema.

Redio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenye redio, na wafanyakazi wote, wa juu na wa chini, walimwita Tajiri. Badala ya kununua vifaa vya kuzuia kelele, Tajiri alibandika kutani vipande vya magodoro vilivyobaki dukani, vya rangi zote, na mlangoni akatundika blanketi zito. Studio ikanuka sponji mpya mwaka mzima. Wakati wa joto watangazaji walitoka mle wamelowa kama waliotoka kuoga. Kwenye hati za serikali kituo kilikuwa na jina refu la heshima, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Redio Godoro, na matani yalikuwa mengi: kwamba watangazaji wake wanalala kazini, kwamba habari zake ni laini, kwamba ukiisikiliza sana utaumwa mgongo.

Ilipendwa mno. Asubuhi alikuwapo mwanamume waliyemwita Jogoo, mwenye sauti iliyoweza kumtoa mgonjwa kitandani, aliyewataja wachelewaji wa mtaa kwa sifa zao. "Wewe fundi cherehani wa kona ya pili, wateja wako wako mlangoni na wewe bado unatafuta soksi!" Na kweli fundi alikuwa anatafuta soksi. Jioni alikuwapo Daktari wa Mioyo, aliyeshauri ndoa za mji mzima huku yeye mwenyewe akiwa amehamia kwa dada yake baada ya kufukuzwa na mkewe. Lakini kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote kilikuwa cha mchana, kipindi cha vilivyopotea na vilivyopatikana, na mwenyewe ndiye Mama Alama. Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana nyumbani kwake tu.

Watu walimpigia kwa shida za kweli na kwa utani.

"Mama Alama, nimepotelewa na mume."

"Pole mwanangu. Tangu lini?"

"Tangu apate mshahara."

"Alama?"

"Ukimwona mwanamume anacheka na kila mwanamke isipokuwa mmoja, ujue huyo mmoja ni mimi."

Laiti kipindi kingebaki hivyo, ningekuwa naandika mambo mengine. Kilikuwa na kipande kingine, na hicho ndicho watu walichokisubiri. Anayedai kitu akashindwa kutaja alama, habari yake ilitangazwa. Halikutajwa jina wala mahali anapoishi, ila alisimuliwa jinsi alivyobabaika, kisha fundi mitambo akagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, na Mama Alama akasema kwa sauti ya kuimba: "Kaumbuka!" Mji mzima ulilijua neno hilo. Watoto walilitumia shuleni mwenzao akikosea hesabu, na wake waliwarushia waume zao.

Chanzo chake ni mwavuli. Mzee mmoja wa suti alipanda ngazi kudai mwavuli ulioachwa benki.

"Ni mweusi," akasema.

"Baba yangu, miavuli yote ya mji huu ni myeusi. Alama?"

"Una mpini."

"Mpini una nini?"

Mzee akafikiri sana. "Unashikika."

Mama Alama alilisimulia hewani kwa sababu lilimchekesha, na fundi mitambo, aliyekuwa anakula, akagonga mfuniko bila kupanga. Simu hazikunyamaza siku hiyo. Tajiri alipanda mwenyewe kutoka chini, akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni, akasema: "Hicho kirudiwe kila siku." Kikarudiwa. Wadhamini wakaja. Tajiri akatundika spika kubwa juu ya mlango wa duka, ikaelekezwa barabarani, ili hata anayepita bila redio asikie nani kaumbuka leo.

Nataka kusema wazi jambo ambalo wanaoikumbuka redio ile kwa tabasamu hawalisemi. Kanuni ya alama ilikuwa ya haki. Ilimlinda aliyepoteza, na aliyejaribu kuiba ilimnyima tu, haikumfanya kitu kingine. Neno la kuumbua halikumlinda mtu yeyote. Mwavuli ulikuwa salama kabla mfuniko haujagongwa. Viwili hivi vilikaa pamoja muda mrefu hata Mama Alama mwenyewe akaviona ni kitu kimoja, na kosa lake lilikuwa hapo.

Watoto waliopotea nao waliletwa redioni. Mji ulikuwa na soko kubwa na kituo cha mabasi kisicho na uzio, na mtu akiona mtoto analia peke yake alijua pa kumpeleka: juu, kwenye magodoro. Mama Alama aliwaosha uso, akawapa chai na mkate, akawalaza kwenye rundo la sponji nje ya studio. Alama aliitafuta mwilini: kovu, baka, kidole kilichopinda. Kuhusu watoto hakuwa na mzaha. Kuna mwanamke aliwahi kuja na shali na machozi kudai mtoto mchanga, akashindwa alama, na baadaye ikajulikana kwamba hakuwa na mtoto wala hakuwahi kuwa naye. Tangu hapo Mama Alama aliishika kanuni yake kwa mikono miwili.

Basi siku moja wauza mboga walimleta binti mdogo, wa umri wa kuanza kusema sentensi ndefu, gauni la njano, kandambili mguu mmoja. Alikuwa ameacha kulia na kubaki na kwikwi.

"Tumemkuta kati ya magunia ya viazi," alisema mmoja wao. "Tukimuuliza baba, anasema hana. Tukimuuliza mama, anasema yuko kazini."

"Unaitwa nani, mama?" Mama Alama akamuuliza mtoto.

"Kipusa."

Alipokuwa akimwosha miguu aliona nyuma ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, kovu la kuungua, laini na la kung'aa. Akajua hiyo ndiyo alama. Akaingia studio akasoma: msichana mdogo, gauni la njano, kandambili moja, amepatikana sokoni. Basi.

Wimbo ulipoanza alitoka kukaa na mtoto, na haukupita muda, mlango wa ngazini ukasukumwa. Akaingia mwanamume mrefu, shati limefungwa vifungo kombo, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Alipomwona mtoto kwenye sponji alishika ukuta.

"Ni yeye. Ni mwanangu. Mungu wangu, njoo mama, twende nyumbani."

Mtoto aliruka kutoka kwenye sponji na kujificha nyuma ya sketi ya Mama Alama.

"Karibu kiti, baba," akasema Mama Alama. "Mtoto anaitwaje?"

Mwanamume akataja jina zuri, la mtu mzima. Mtoto hakugeuka.

"Humwiti hivyo nyumbani."

"Ni jina la mama yangu. Nilimpa kwa simu alipozaliwa. Pale nyumbani nasikia wana jina lao, hata sijalishika vizuri." Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Dada yangu, mimi ni dereva wa lori, masafa marefu, ng'ambo ya mpaka. Niliondoka mtoto huyu hajaanza kukaa. Nimerudi juzi. Hajanizoea, ananiita 'yule'."

"Alama?"

"Alama gani?"

"Mwilini mwake. Iko moja."

Dereva alimtazama mtoto, yaani kile kipande cha gauni kilichoonekana nyuma ya sketi. "Ana mwanya. Kama mama yake."

"Mwanya kila anayemtazama anauona. Nyingine."

"Sijui nyingine! Nimekwambia, nimerudi juzi!"

"Mama yake yuko wapi?"

"Kiwandani, kwenye mashine. Wakiingia hawatolewi mpaka zamu iishe." Akapunguza sauti. "Dada, nisikilize. Leo ndiyo siku ya kwanza mke wangu kuniachia mtoto. Ya kwanza. Amekuwa akisema mimi ni baba wa kwenye simu. Nikaona nimpeleke mtoto sokoni nimnunulie viatu, arudi na viatu, na mama yake aone. Nimegeuka kulipa, nikageuka tena, hayupo. Nikienda kiwandani nimwite mama yake, nitasema nini? Nipe mtoto wangu, nikuombe kwa jina la mama yako. Asijue."

Yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyomtia Mama Alama wasiwasi. Mwanamume hajui alama, mtoto hamjui, na anataka mama asijue. Hata mimi ningekataa, na yeyote mwenye akili timamu angekataa.

"Mlete mama yake," akasema. "Ukimleta, mtoto ni wenu. Bila mama yake, hatoki hapa."

Dereva aliinamisha kichwa. Akamgeukia mtoto akajaribu kutabasamu. "Nakwenda kumwita mama, sawa? Usiogope." Kisha akamwambia Mama Alama kitu ambacho mwanamke yule hajakisahau: "Usimpe mtu mwingine, dada. Mtu mwingine yeyote."

Akashuka ngazi.

Wimbo ulikuwa unaishia. Taa nyekundu ikawaka. Fundi mitambo, aliyekuwa amechungulia kupitia kioo, alikwisha kushika kijiko. Mama Alama alikaa mbele ya kipaza sauti akafanya alichozoea kufanya kila mchana. "Wasikilizaji, kuna mzee amefika hapa kudai mtoto wetu wa gauni la njano. Mrefu, shati kombo. Jina analotaja, mtoto haliitikii. Alama, hana. Na anaomba mama mtu asiambiwe!" Mfuniko ukagongwa. Akaimba: "Kaumbuka!"

Baadaye alieleza kwamba neno lilikuwa limeshatoka kabla hajaamua kulisema. Namwamini. Mazoea ndivyo yalivyo, na ndiyo maana mtu ayachunguze angali na nafasi.

Dereva alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni, chini ya spika.

Wapakia magodoro walikuwa wamekaa pale kwenye maturubai wakingojea gari. Walisikia, wakainua macho, wakaona mtu mrefu, shati kombo. Ng'ambo ya barabara vinyozi, mafundi viatu na wauza matunda nao walisikia, maana kila kibanda kilikuwa na redio na kila redio ilikuwa kwenye masafa yale yale.

"Si ndiye huyu?"

"Ee bwana, ndiye! Mwizi wa watoto!"

"Jamani, mimi ni baba yake," alisema dereva. "Namfuata mama yake."

"Mama yake asiyetakiwa kujua?" Mtu akacheka. "Kaumbuka huyu!"

Wakalipokea wengi, kwa ile sauti ya kuimba. Dereva akaona jinsi walivyokuwa wanasogea, akakimbia. Ukikimbia mbele ya watu wa namna hiyo umeshakiri.

Juu, ndani ya magodoro yale, kelele za barabarani zilifika kama mvua ya mbali. Mama Alama alidhani ni vijana wanagombania mzigo. Aliendelea na tangazo la leseni ya udereva iliyookotwa na la mbuzi aliyepotea. Mbuzi alipewa muda wake wote, mpaka rangi ya kamba. Ndipo blanketi likavutwa na Jogoo akaingia bila kujali taa nyekundu, viatu mkononi.

"Mama Alama, yule baba uliyemtangaza, wanamuua!"

"Nani?"

"Sisi! Watu wetu! Shuka!"

Alishuka, lakini hakufika popote, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa migongo ya watu. Alipiga kelele na hakuna aliyemsikia. Sauti yake ilijulikana kila nyumba, ila bila mashine ilikuwa sauti ndogo ya mwanamke wa kawaida. Jogoo ndiye aliyepanda juu ya gari la magodoro na kunguruma kwa ile sauti yake ya alfajiri: "Mwacheni! Ni baba yake! Mwacheni!" Hakuwa na hakika kama ni baba yake. Alisema tu. Watu wakageuka mmoja mmoja, wakakunja mikono ya mashati, wakakumbuka shughuli zao. Wapakia magodoro wakarudi kwenye maturubai. Kinyozi alikuwa amemwacha mteja nusu kichwa, akarudi kummalizia.

Dereva alichukuliwa hospitali juu ya godoro la dukani. Tajiri alitoa lile la bei ya chini.

Zamu ya kiwanda ilipoisha, mama wa mtoto alipanda ngazi akihema, nyuzi za kitambaa zimemganda kwenye nywele. Alisikia habari ya mtoto langoni, kwa wenzake. Mtoto alimwona akamrukia shingoni. Hapakuwa na shaka yoyote tena. Hata hivyo Mama Alama, aliyekuwa amekaa sakafuni tangu mchana, aliuliza kwa sauti iliyokauka:

"Alama?"

Mwanamke alimtazama kama mtu anayetazama kichaa. Kisha akajibu. "Mguu wa kushoto, nyuma. Aliungua na uji mwaka jana. Baba yake hajui. Ningemwambiaje mtu aliye barabarani, na usukani mkononi? Nikasema akirudi ataona mwenyewe." Akatazama huku na huku kwenye sponji, mlangoni, nyuma ya kioo cha fundi mitambo.

"Baba yake mwenyewe yuko wapi?"

Fundi mitambo aliweka kijiko mezani polepole, kisitoe mlio, akatoka nje.

Hakuna aliyeshtakiwa. Polisi waliuliza ni nani alipiga, na mtaa ukajibu kwamba ni watu. Watu gani? Watu tu, wapita njia. Mtaa uliojua soksi za fundi cherehani zimepotelea wapi haukuweza kumtambua mtu hata mmoja. Tajiri aliulizwa na wakubwa wa mji, akasema redio yake haikuagiza mtu apigwe, na hilo lilikuwa kweli.

Mama Alama alikwenda hospitali. Alimkuta dereva amenyooshwa mguu, goti limefungwa mpaka pajani, uso umevimba upande. Alisimama miguuni pa kitanda na hotuba aliyoiandaa ikamtoka kichwani.

"Kaa, dada," alisema dereva. "Kunizuia ulifanya sawa. Ningekuwa mwizi kweli, je? Nimelifikiria sana hilo hapa, sina kazi nyingine. Ila nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nakwenda kumwita mama yake. Ulikuwa umeshamaliza kazi yako. Sasa kile kingine kilikuwa cha nini?"

Mama Alama alikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, akarudi tena siku nyingine, na nyingine, mpaka mke wa dereva alipomwambia kwa upole, wakiwa kwenye korido, kwamba aache. "Si kwamba nakuchukia, dada. Lakini mtoto akisikia sauti yako anajificha chini ya kitanda. Anadhani unawaita wale watu tena."

Akamwendea Tajiri. Alitaka kipindi kiendelee na alama iendelee, ila mfuniko utolewe na neno lile lisisemwe tena.

"Mama, unaumwa na uchungu, nakuelewa," alisema Tajiri. "Pumzika kidogo. Lakini unadhani wanatusikiliza kwa ajili ya funguo? Nani anajali funguo za mwenzake?"

"Waliopoteza wanajali."

"Waliopoteza ni wachache. Wanaocheka ndio wengi."

Aliondoka. Hakuagwa hewani. Nafasi yake alipewa msichana mchangamfu, hodari wa kucheka, aliyeshika neno na mfuniko na kuiacha kanuni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ilikuwa ya nini. Alisoma alama zote. Vitu vikawa vinachukuliwa na wajanja, wenyewe wakija hawakuti kitu, na taratibu watu wakaacha kupeleka walichookota. Yakaja masafa mapya yenye muziki mchana kutwa, zikaja simu zenye kila kitu ndani, Tajiri akazeeka. Siku redio ilipozimwa hakukuwa na tangazo. Watoto wake waligeuza studio kuwa stoo, na wakasema imewafaa sana kwa kuwa kuta zilikuwa tayari na sponji. Daktari wa Mioyo alirudiana na mkewe. Jogoo akawa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala, hivyo saa zile alizokuwa akiwaamsha watu ndizo anazolala.

Mama Alama aliingia karakana ya mapazia ya mdogo wake. Anakata vitambaa. Kazi ya kukata haihitaji maneno, na wateja wengi wanadhani hasemi kabisa.

Siku hizi imekuwa mtindo kuzikumbuka redio zilizokufa. Kwenye makundi ya simu watu wanaulizana nani anaikumbuka Redio Godoro, na hapo hapo mmoja anarusha sauti ya kanda ya zamani: mfuniko, kisha lile neno la kuimba. Wanacheka mpaka machozi. "Enzi zetu zile! Redio zilikuwa na watu!" Kuna walioliweka neno hilo liwe mlio wa simu. Mama Alama amewahi kulisikia kwenye foleni ya maji ya kunywa, likitoka mfukoni mwa mtu, kwa sauti yake mwenyewe ya ujana. Aliacha ndoo yake kwenye foleni akarudi nyumbani bila maji.

Sina ugomvi na kumbukumbu. Nina ugomvi na kumbukumbu inayochagua. Wale wanaolia kwa furaha wakisikia mfuniko, wengi wao walikuwa barabarani siku ile, au baba zao walikuwapo. Hakuna hata mmoja anayeuliza kwenye kundi: mnamkumbuka yule dereva?

Juzi juzi alikuja karakanani msichana kutoka redio moja kubwa. Anaandaa kipindi maalumu cha sauti zilizotoweka. Alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni ingawa hakuambiwa.

"Shangazi, tumekutafuta sana. Jogoo amekubali, atawika kama zamani. Wewe tunataka neno moja tu."

"Neno gani?"

Msichana akacheka kwa aibu. "Si unalijua, shangazi."

"Nalijua. Silisemi."

"Mara moja tu, shangazi yangu. Watu wanakupenda."

"Wananipendea nini?"

"Ulikuwa unawachekesha."

Mama Alama alimaliza kukata kipande alichokuwa nacho, akakikunja, akakiweka juu ya vingine. "Nikwambie kilichotokea, utakitangaza?"

Akamweleza yote, tangu kandambili mpaka korido ya hospitali. Msichana alisikiliza, machozi yakamlenga, hilo simnyimi. Mwisho akasema kwamba habari ni nzito sana, kwamba kipindi chenyewe ni cha kuburudisha, asubuhi ya sikukuu, na kwamba atawauliza wakubwa wake.

"Waulize," alisema Mama Alama. "Mimi nimechoka, mwanangu. Nenda salama."

Kipindi kilirushwa. Jogoo aliwika. Baada yake ilichezwa kanda ya zamani, mfuniko na neno, na watangazaji wa studio ile kubwa wakacheka wote pamoja. Dereva hakutajwa.

Goti la dereva lilipona likiwa limekakamaa. Hakurudi kwenye usukani, na kampuni yake haikumtafutia kazi nyingine. Mke wake alilisha nyumba kwa zamu mbili za kiwandani mpaka mgongo ukamshinda. Binti yao sasa ni mtu mzima, anaishi mbali, na huwapelekea salamu wote wawili. Mama anamwita mama. Baba, aliyeshinda naye nyumbani miaka yote ile, bado anamwita "yule".